Tuzo ya Mama Kelele

Jumanne, 4 Novemba

Mazoezi saa tisa, kama kawaida, katika darasa tunaloazimwa mtaa wa Lumumba wanafunzi wakishatoka. Tumesukuma madawati ukutani. Nimefunga kitenge cha Mama Kelele na kupaza sauti hadi koo likawaka. Igizo ni lile lile. Mama Kelele ni mjane, anauza maharagi, shemeji anamnyang'anya nyumba, mwishoni anamrudishia shati tu la marehemu. Hapo mimi humfokea hadi watu wacheke, kisha walie. Ni mwaka wa tatu sasa.

Rafiki yangu Furaha alikuwa mlangoni na kiongozi wetu Justin, ambaye sote tunamwita Ya, yaani kaka. Nilipokaribia wakanyamaza.

"Mama Kelele, kunywa maji," Ya Justin akasema. "Hata mate haiko tena mu kinywa yako."

Furaha akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Novemba

Redio imetangaza. Tuzo za jukwaa za hapa Bunia. Mwaka huu wamekubali hata vikundi kama chetu, visivyo na kanisa wala shirika nyuma yake. Mwigizaji bora wa kike: wanashindania watatu. Wa tatu ni Mama Kelele.

Basi. Hakuna jina lingine. Majaji walikuja kwenye maonyesho kimya kimya, wakaandika walichosikia watu wakiita. Mji huu haujui mwigizaji, unajua mtu aliyeigizwa. Sokoni mimi ni Mama Kelele. Kwa watu wa pikipiki, Mama Kelele. Sasa viongozi wa vikundi wanatakiwa kupeleka majina ya kweli.

Papa alikuwa anasikiliza, kikombe mkononi. Hakujua ni mimi. Nikamwambia.

"Neema iko wapi mule ndani?" akauliza. "Miye nilisikia Mama fulani."

Baba yangu huyu ananilipia chuo mwaka wa tano sasa, halafu mimi nafoka darasani na kitenge kiunoni. Nataka asikie jina langu, Neema, likitajwa. Mwaka huu sitaki kitu kingine.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama Kelele ni wawili. Wazo hili limeniingia asubuhi na halitoki. Mwezi wa tisa nililala na homa ya matumbo, Furaha akashika nafasi yangu. Mara mbili. Mara mbili tu, na kwa kitenge changu. Lakini mtu akitaka anaweza kusema, hata miye ni Mama Kelele.

Leo amekuja amesuka nywele upya. Kwa nini sasa?

Jumapili, 9 Novemba

Nimewaona. Baada ya ibada, kando ya ukuta wa kanisa, Furaha na Ya Justin. Furaha akatoa kadi yake ya mpiga kura kutoka kwenye mkoba. Akaishika. Wakabishana. Akairudisha. Hapa hatuna kitambulisho kingine zaidi ya kadi hiyo. Ya Justin anataka majina ya kweli, na hakuja kwangu.

Nilipita bila kuwasalimu.

"Neema!" Furaha akaniita. "Weye unapita kama siye ni miti?"

Sikugeuka. Tumesoma pamoja tangu sekondari. Nimewahi kulala kwao wakati risasi zilipolia upande wetu. Haya yote nayakumbuka, na bado simwamini.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesema mbele ya kikundi kizima. Nimesema kwamba atakayeuza jina langu nitamtaja redioni, yeye na ukoo wake. Nimesema mengine pia. Kijana anayeigiza shemeji alitazama viatu vyake. Hakuna aliyenijibu, na mtu asiye na kosa hujibu.

Baadaye Ya Justin akaniomba kadi. Akaipiga picha kwa simu, haraka. Furaha alikuwa ameangalia dirishani. Kwa nini mimi wa pili? Labda wamepeleka majina mawili. Labda kadi yangu imepigwa picha ili ninyamaze tu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeshinda.

Sherehe ilianza saa nane ili watu warudi makwao mapema. Papa alivaa koti lake la harusi. Wakaita "Mama Kelele", ukumbi ukapiga vigelegele, mimi sikusimama. Nilimtazama Furaha. Yeye alitazama mbele. Kisha wakaita jina langu lote, na jina la Papa ndani yake.

Nilipanda. Jaji mmoja, mama mzee mwenye miwani, akanipa kisanamu cha mti na cheti, akashika mkono wangu asiuachie.

"Mwanangu," akasema, "ile siku mvua ilipiga bati, hatukusikia tena kitu. Miye nikasema, igizo imekufa. Na weye ukanyamaza. Ukakunja ile shati polepole, mukono moja, mukono ya pili. Ukangojea mvua iishe. Siye wote tulilia."

Sijawahi kulikunja lile shati. Mimi nafoka. Mvua ikinyesha nafoka zaidi.

"Asante, Mama," nikasema.

Papa alikuwa amesimama peke yake, anapiga makofi.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeenda kwa Furaha. Alikuwa uani anatwanga majani ya muhogo, sombe ya jioni. Nikaweka kisanamu kwenye ukingo wa kinu.

"Ondosha hapa," akasema. "Itaanguka mu sombe, tutakula tuzo."

Nikamuuliza kama alijua majaji walikuja siku gani. Alijua. Wote walijua, tangu wiki ile ya mvua, mimi nikiwa kitandani na homa. Mtu alimwambia Ya Justin. Pale kanisani Ya Justin alitaka kupeleka jina la Furaha. Yeye ndiye aliyekataa.

"Kwa nini?"

Akaendelea kutwanga kidogo. "Unataka nikudanganye ao niseme?"

"Sema."

"Tulikuogopa. Weye ulikuwa unatuangalia siye wote kama wezi. Nikawaza, huyu akikosa hii kitu, kikundi imekufa. Hatasema na mutu tena. Bora achukue, tupumue."

Nilifikiri atasema ni kwa upendo. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kushukuru.

"Ungeniambia," nikasema.

"Siku gani, Neema? Siku gani mutu alikuambia kitu, ukaamini?"

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekirudisha cheti kwa waandaaji wa tuzo. Bwana wa pale alikasirika, kisha akachoka kukasirika. Wataandika kingine kwa jina la Furaha. Kisanamu hakina tatizo, kimechongwa "Mama Kelele" tu. Nimempelekea. Amekipokea, na hakunikaribisha kuketi.

Papa nimemwambia wakati wa chakula. Akakata tonge la bugali.

"Sasa yale makofi yangu yalikuwa ya nani?"

Akala.

Jumamosi, 22 Novemba

Onyesho saa tisa, darasani. Nimemwambia Ya Justin kwamba leo Furaha aigize. Hakuuliza sababu. Nikakaa kwenye benchi na watu wengine. Tangu tuanze igizo hili sijawahi kuliona kutoka huku.

Leo jua lilikuwa kali, bati halikutoa sauti. Shemeji akaleta shati. Furaha akalipokea, akalilaza kwenye meza, akaanza na mkono wa kushoto. Hakufoka. Hata watoto waliojaa dirishani walinyamaza.

Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, shingo nimeinyoosha, nikiangalia vidole vyake kimoja kimoja.

Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega.

"Dada, inama kidogo. Unaniziba."

Nikainama.