Udongo Wako Nimeula Mimi

Kaka Deo,

Barua hii imekuwa nzito kuibeba kuliko mtoto. Nimejifungua. Ni wa kike, anaitwa Tekla, ana masikio ya kuchomoza kama yako, na sasa amelala mgongoni kwangu, ndiyo maana mwandiko unapinda. Ningependa nikupe habari zake tu. Lakini nyingine ndiyo inayonikosesha usingizi.

Ile mifuko yako ya udongo nimeila mimi. Haikuibwa, haikuliwa na panya, na Mama hakuitupa.

Tulipokwisha kukuzika nyumbani Pito, ndugu waligawana vitu vyako. Baba Mdogo alichukua lile koti nene la kwenye barafu, analivaa kilabuni, akilewa anawaambia watu limefika mwisho wa dunia. Sanduku la mifuko hakuna aliyelitaka. Baba Mdogo alilisukuma kwa mguu akasema, "Mfipa mzima anapanda ndege kufuata tope, kana kwamba hapa kwetu limekwisha." Watu wakacheka, Kaka. Kaburi bado bichi na watu wanacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, ili nisilie. Nikalibeba sanduku kuja nalo kwangu, mtaa wa Malangali, nyumba uliyougulia.

Nilijua ni kitu gani, hicho ndicho kinachoniuma. Niliishia la saba, lakini ulinieleza nikaelewa. Ulitia udongo wa shamba kwenye chupa ya maji, ukatikisa, ukaniambia nisubiri. Mchanga ukatua kwanza, halafu ule laini, polepole. Ukasema ndivyo ilivyo kule kwenye ncha ya dunia, pale ambapo nchi kavu inaendelea chini ya bahari kabla ya kufika kilindini. Barafu inakwangua milima, inabeba mawe na mchanga, inayaangusha. Ikirudi nyuma na maji yakapata jua, linashuka tope laini na mimea iliyokufa, midogo kuliko unga wa ulezi. Mlishusha bomba refu kutoka melini, likapanda limejaa tabaka, mkakata kipande kwa kipande, kila kimoja na mfuko wake ulioandikwa kina chake. "Ni kama kupasua tuta," ulisema. "Ukilipasua unayaona majani uliyofukia mwaka jana. Mimi napasua tuta la bahari, nijue barafu iliondoka kwa haraka gani." Ulikuwa unakohoa huku unasema.

Mimba ilipofika miezi mitano, hamu ya udongo ikanishika. Wa sokoni ulinichefua. Siku moja nilifungua sanduku nipange tu vitu vyako, ikanipiga harufu ya ukuta uliolowa mvua ya kwanza. Nikalamba ncha ya kidole. Kulikuwa na chumvi. Nikajiambia ni kidogo tu, ni mahali alipopita kaka yangu. Kesho yake nikamaliza mfuko mzima. Nilianza na wa juu, ule laini unaoyeyuka mdomoni, nikawa nashuka. Kliniki muuguzi alinigombeza kwamba damu imepungua, nikamwitikia, nikarudi nyumbani kula. Majuma matatu, bahari yako ikaisha. Ilibaki mifuko miwili ya chini kabisa, ina changarawe, inakwaruza meno.

Ndipo akaja Neema, yule uliyesoma naye. Kwa basi kutoka Dar, mwenyewe, mpole. Alisema mifuko mingine ulikwisha kuipima, hiyo iliyobaki ataimalizia yeye, kazi itoke na jina lako mbele. Udongo wa mahali pale hakuna mwingine. Mama alikuwa amekuja kunitazama. Neema akauliza sanduku liko wapi, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Nadhani Mama aliumwaga ule udongo, alidhani ni uchafu."

Mama hakubisha. Alifikiri kwanza. Akasema, "Inawezekana. Tangu afe mwanangu, mikono yangu inafanya vitu mimi sivijui." Akapiga magoti mbele ya yule binti. Mama yetu, na magoti yake yale mabovu. Akaomba msamaha. Neema anamnyanyua, analia. Mimi nimekaa, nimeshika tumbo.

Tangu siku hiyo Mama amekwisha. Kila Jumapili akitoka misa anapita kaburini kwako kukuomba radhi. Baba Mdogo amepata wimbo: "Mwana alilifuata tope mbali, mama kalitupa jalalani." Juzi Mama alikuja kumwona Tekla, nikatoka nje nikamkuta anachakura jalala langu kwa kijiti. Akanionyesha udongo mweusi kiganjani. "Tazama wewe uliyesoma. Siyo huu?"

Nikamjibu, siyo huo, Mama.

Ile mifuko miwili nimeificha chini ya nepi za Tekla. Neema aliacha namba. Alisema hata kijiko kimoja kingemfaa, hasa wa chini, maana hapo barafu ilikuwa bado imelalia mwamba. Nikiitoa, Mama atajua nilimfanya nini. Nisipoitoa, atakufa akiamini amekuzika mara mbili.

Kuna wakati namtazama Tekla ananyonya, ameshiba, ananenepa, nasema labda hatukukupoteza kabisa. Halafu namkumbuka Mama na kile kijiti, naona aibu kufurahi. Lakini nafurahi, Kaka. Mtoto ni mzuri. Natumaini Mama ataendelea kumbeba, hata akikataa kunitazama mimi.

Sasa lala. Sitakuja kaburini kukuomba radhi, sioni haki ya kusimama pale anaposimama Mama kwa kosa langu. Nitaanzia kwake.

Nakuahidi hivi. Kesho nikimaliza kunyonyesha nitambeba Tekla hadi Pito. Saa hizo Mama huwa uani anaanika mahindi. Nitamwekea ile mifuko miwili mkononi kabla sijamwamkia, na asikie yote. Nikianza na shikamoo ataniitikia, "Marahaba, mwanangu," na nikishalisikia hilo sitaweza tena.

Mdogo wako,
Yustina