Pikipiki Isiyokunywa Petroli

Fundi Yeremia,

Mwakeye. Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani nikapitiliza hadi karakana, nikajifungia ndani, na nimekaa kwenye benchi lako. Nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa Kasulu, na kwa kuwa linahusu nyumba yako, nataka ulisikie wewe kwanza.

Tangu tukuzike, miguu ya Mama, mkeo, imezidi kukataa. Siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Binti yako Devotha bado anafundisha ile shule ya mlimani, na alikuwa anashindwa kurudi mchana kumpa mama yake chakula na dawa. Basi kiangazi hiki akanunua pikipiki kwa Mzee Rajabu, yule mwenye duka karibu na soko. Ni ya umeme, Fundi. Unaichomeka ukutani kama simu, asubuhi unaondoka nayo.

Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ile yako nyekundu imefufuka. Taa ya duara, pedeli mbili, tanki dogo la mviringo, hadi kifuniko cha tanki kinachong'aa. Nikaichukia papo hapo. Yako niliijua mpaka kikohozi chake. Kila asubuhi ulikuwa unaiuliza, "Mgonjwa wetu kaamkaje?" ndipo unakanyaga pedeli, nayo inakujibu kwa moshi. Hii ina sura ile ile, lakini haina sauti. Siku moja ilinipita barabarani nikaruka pembeni kama mtu aliyeguswa bega na asiyemwona. Wewe unajua huku kwetu watu wanasemaje juu ya anayekuja nyumbani kwa mtu bila kusikika, kwamba ni mzimu.

Nikaanza kuchunguza. Nilimwuliza Mzee Rajabu ameitoa wapi, akasema ndugu zake wa Tanga wamemletea tatu. "Sura ya zamani, mwanangu, moyo mpya." Maneno matamu kama hayo huwa yananikosesha raha. Kama haitumii petroli, tanki la nini? Nani atajihangaisha kutengeneza kifuniko kizuri namna ile kwa ajili ya kufunika hewa? Nikajiaminisha kwamba mzee anawaficha watu jambo, kwamba chombo kile kinakunywa kidogo kidogo, na siku kikikauka kitamfia Devotha porini, halafu auziwe kingine. Nikamwonya Devotha, hakunisikia.

Jumamosi ya wiki iliyopita Devotha aliileta nimfungie kikapu nyuma. Akaniachia ufunguo aende sokoni. "Kaka Lameki, kikapu tu. Kwingine usiguse, nakujua wewe." Akacheka.

Nilifunga kikapu. Kisha nikafungua kile kifuniko. Ndani kulikuwa na giza, na waya. Nikachanganya petroli na oili kwa kipimo ulichonifundisha, nikamimina. Fundi, nilikuwa natabasamu. Nilishajiona nikimwonyesha Devotha, na soko zima, jinsi Rajabu alivyotudanganya. Mchanganyiko ukashuka ukatokea chini, juu ya viatu vyangu. Halikuwa tanki. Lilikuwa pambo tu, limefunika betri na mitambo yake.

Ningeishia hapo labda ingepona. Lakini harufu ilijaa karakana na nikaogopa Devotha ataisikia. Nikachukua ndoo ya maji ya sabuni nikaosha mle ndani. Miaka yote niliyokaa kwako ulinizaba kofi moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya maji kwenye plagi. Na bado nikaosha. Nikafuta kwa gunia, nikafunga kifuniko, nikakaa hapa hapa kumngoja.

Alipoiwasha iliruka hatua mbili, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, basi. Akanigeukia. Ningeweza kusema wakati ule, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Si nilikwambia, dada?"

Wapita njia wakamsaidia kuikokota hadi dukani kwa Rajabu. Devotha akamwita mwizi mbele ya watu. Devotha, ambaye hata kuku akiingia jikoni anamtoa kwa upole! Mzee wa watu aliapa mpaka sauti ikamkauka. "Wallahi, hii imeingia maji, na maji hayakutoka kwangu." Nani alimsikiliza? Vijana wa bodaboda wanapita dukani kwake wakiuliza kama amebakiza mizimu ya kuuza. Zile mbili zilizobaki amezifunika turubai, na watu hata sukari sasa wananunua duka la jirani.

Na Mama yuko peke yake tena mchana kutwa. Jumatano Devotha alirudi jioni akamkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa anafuata maji ya kunywa. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo hataki kushuka kitandani. Nilipoambiwa nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Sasa wamekubaliana ifunguliwe kesho, Jumatatu, mbele ya watu, ijulikane mkosaji ni nani. Wa kuifungua ni mimi. Mzee Rajabu mwenyewe alikuja kuniomba. "Wewe umelelewa na Yeremia. Utakalosema nitalikubali." Nikamshuku hata hapo. Nikadhani amejua, ananitega. Siku mbili nimempeleleza machoni kama askari, na sikuona hila yoyote. Anakuamini wewe tu, Fundi, na mimi nimebeba jina lako.

Sitakuficha, nilishatunga uongo. Ningesema waya ulikuwa mbovu tangu huko ulikotoka, na wote wangeitikia, maana mtu wa kunishuku mimi hayupo. Nimeurudia kichwani hapa kwenye benchi lako, na nikaona aibu, aibu ya kweli.

Nisamehe. Kesho sitangoja kukusanyika kwa watu. Asubuhi naanzia kwa Mzee Rajabu, kisha nampitia Devotha kabla hajaondoka kwenda shule, kisha ndiyo nitasimama sokoni niseme mbele ya wale wale waliomcheka mzee. Pikipiki yangu atapanda Devotha mpaka yake ipone. Na kila mchana nitafunga karakana niende kwa miguu kumpelekea Mama chakula na dawa. Akikataa kuitikia hodi yangu kwa hasira, nitakaa kizingitini pako mpaka Devotha arudi, na keshokutwa nitakwenda tena.

Pumzika, Fundi wangu.

Lameki