Shangazi, Nilinyamaza Daktari Alipouliza

Mtaa wa Majengo,
Tunduma.
9 Machi 2025.

Mpendwa shangazi Ferista,

Shikamoo shangazi. Habari za Kitwe, na lile goti limepata nafuu? Sisi huku tunaamka salama. Baba anakohoa kidogo kwa moshi wa malori, mama mzima. Ipyana amenifikia kimo na siku hizi ananiita "mdogo wangu", nimeshamchoka. Bibi yuko Mbozi, anakuulizia kwa kila mtu anayetoka upande huo.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ni ya baba na humu ndani kila mtu anaisoma. Mama Lusubilo anavuka mpaka Jumanne na mchele wake, atakupa barua mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Sijui nianzie wapi. Basi nianzie shingoni. Tangu kidato cha pili shingo yangu imekuwa nyeusi kama ya mtu asiyeoga. Kila Jumamosi mama alikuwa ananikalisha kwenye kigoda ananisugua na dodoki mpaka panawaka. "Msichana mkubwa, nongo zote hizi!" Hazikutoka. Nikavuka mpaka kwenda Nakonde na rafiki yangu kununua krimu, ikanibabua, nikawa mweusi zaidi.

Halafu siku zangu. Zilikuwa zinakuja mara moja kwa miezi minne, mitano. Nisikudanganye shangazi, nilifurahi. Wenzangu wanajikunja kwa maumivu, mimi niko huru. Darasani naweza kuchora ovari na kuandika majina yote kwa Kiingereza, lakini kumwambia mama kwamba sijaona siku zangu tangu Septemba, nilishindwa kwa lugha zote mbili.

Januari tulipofungua shule tulipimwa mimba. Sina. Lakini matroni akaniuliza kwa upole mara ya mwisho ni lini, nikalia. Akampigia mama. Wiki nzima mama aliniangalia tumbo, kisha akavaa nguo zake za kanisani akanipeleka hospitali.

Daktari ni mwanamke. Nilipimwa damu na ultrasaundi. Alisema kwenye ovari zangu kuna vifuko vidogo vidogo vingi, mayai hayakomai vizuri, na kuna homoni imezidi. Hiyo ndiyo inaleta chunusi na nywele za kidevuni. Na shingo si uchafu, ni dalili kwamba mwili unapata taabu kuitumia sukari. Mama aliposikia hivyo aliweka mkono wake shingoni kwangu, akauacha pale mpaka daktari alipomaliza kuandika.

Kisha daktari akauliza, "Kwenye ukoo yupo mwanamke mwenye hali kama hii? Siku kuruka, ndevu, kukosa mtoto?"

Mama akajibu upesi, "Kwetu hayupo." Daktari akanigeukia. Nikasema hayupo.

Hapo ndipo nakuomba msamaha. Nilikuwa na miaka minane ulipokuja kwenye msiba wa babu, nikakukuta nyuma ya banda la kahawa na kioo na wembe. Ulisema, "Ukimwambia mtu, nakunyoa nyusi." Tulicheka mpaka ukajikata kidevu. Sikumwambia mtu. Lakini kwa daktari sikunyamaza ili kukutunzia siri. Nilinyamaza kwa aibu. Sikutaka kufanana na wewe, wewe ninayekupenda kuliko shangazi zangu wote.

Daktari alisema nitembee haraka haraka kila siku, nipunguze soda, maandazi na ule mlima wa ugali, niongeze mboga na maharage. Hilo mama amelipokea. Amefukuza soda nyumbani, Ipyana analalamika kwamba anaumwa ugonjwa wangu. Asubuhi natembea na mama, na ananiacha nyuma!

Lakini daktari aliandika pia vidonge vya kurekebisha siku, navyo ni vilevile vya uzazi wa mpango. Mama amevifungia kwenye sanduku la vitenge. "Hivi ndivyo vilivyomfunga kizazi wifi yangu. Alimeza usichana wake wote, Isongole alikoolewa wakamrudisha na begi lake. Mwanangu hamezi!" Daktari alishamweleza kwamba havifungi kizazi, kwamba wengi wenye hali hii huzaa, wengine kwa kusaidiwa kidogo, na kwamba kukaa miezi mingi bila damu ndiko kunakodhuru mfuko wa uzazi. Mama anamwamini daktari kwenye soda tu.

Shangazi, je, ulimeza? Bibi aliniambia tukichuma kahawa kwamba tangu ukiwa na miaka kumi na tano ulikuwa unapitisha nusu mwaka bila kuona siku zako. Nadhani hukumeza chochote. Nadhani uliumwa hiki ninachoumwa mimi, na hakuna aliyekupeleka kupima.

Kama ndivyo, mpigie mama. Usimpigie baba, mpigie yeye. Atakusikiliza, anakutaja kila akiomba. Najua nakuomba ufungue jambo lililokufanya uhame nchi. Ukiona huwezi, usipige, nitajaribu tena mwenyewe.

Ila hili la mwisho siombi, nakuamuru, unisamehe. Krismasi ulisema kwenye simu kwamba kiu haikuishi hata ukinywa jagi zima. Daktari anasema hali hii huweza kuleta kisukari ukubwani. Nenda kapime sukari na presha wiki hii hii.

Tarehe 28 narudi kliniki. Upige usipige, nitamwambia daktari kwamba yupo, ni shangazi yangu, anaitwa Ferista, na nimefanana naye.

Baba na Ipyana wanakusalimu. Bibi anakuombea. Mama hajui kama nakuandikia, lakini pokea salamu zake pia. Wasalimie wanakwaya wenzako wote. Mungu akufunike huko uliko, akupe afya na watu wa kucheka nao.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na aibu zangu zote,

Loisi