Mashini Moja, Makaratasi Thelathini na Moja

Jumamosi, 13 Septemba 2025. Muyinga

Nimefika nyumbani kutoka Gitega saa saba, mgongo umekwisha – watu tisa ndani ya Probox moja! Hata chai sijamaliza, Mama ananipa kazi.

Ushirika wake wa mafundi wa kushona umepewa mashini ya kudarizi. Ya sindano sita! Inaandika nembo za shule, inapamba shingo za kanzu, we unaiangalia tu. Lakini ni moja. Na wanawake wako thelathini na moja: kumi na watatu wa hapa mjini, kumi wa Butihinda, wanane wa Gashoho. Iwekwe wapi? Hapa mjini, Kobero pale mpakani kwa wale wa Butihinda, ao Gashoho? Watu wa mradi walioitoa wanataka jibu Jumatatu tarehe 22, bila hivyo wanaipeleka kwa kikundi kingine.

Mama ndiye mwenyekiti, miaka kumi na mbili sasa. Anaogopa ushirika usije ukavunjika sababu ya chuma kimoja. Lakini chumba cha mbele amekwisha kukitoa vitu vyote na kukipaka rangi ya kijani. Huyo ndiye Zuena, mama yangu! Anaogopa, na huku amekwisha kupaka rangi.

Nikamwambia: Mama, memwari yangu yote ya kumalizia chuo ni juu ya mambo haya, namna ya kuhesabu kura. Wasichague mahali pamoja. Wapange yote matatu – ya kwanza, ya pili, ya tatu – kisha mi nitahesabu. Akasema vizuri, lakini kwanza watu wale.

Jumapili, 14 Septemba

Wamekuja wote. Pilau sufuria mbili. Mama mwenyewe amepita na birika, amewanawisha mikono mmoja mmoja. Kisha mi nikapita kukusanya makaratasi. Bila majina, nimehakikisha!

Za kwanza: mjini 19, Kobero 9, Gashoho 3. Vigelegele! Mama amelia kidogo. Wanawake wa Butihinda wamepiga makofi vizuri kabisa, halafu wakaaga haraka. Hawakungoja hata picha.

Baada ya alasiri nikarudia kuhesabu, kwa kucheza tu. Ya kwanza alama mbili, ya pili moja, ya mwisho zero.

Kobero 40. Mjini 38. Gashoho 15.

Yarabi! Nimehesabu mara tatu. Wote kumi na tisa walioweka mjini juu wameweka Kobero ya pili. Na wale kumi na wawili waliobaki, wote, mjini wameweka mwisho. Makaratasi ni yale yale, washindi ni wawili! Hii kwenye vitabu nimeiona mara mia, lakini na mifano ya kutunga. Leo iko kwenye meza ya Mama, ina mafuta ya pilau.

Mama sijamwambia.

Jumanne, 16 Septemba. Gitega

Nimekwenda mbio kwa Mwalimu Prosper, anayenisimamia memwari. Nimeongea dakika kumi bila kupumua. Akacheka. Anasema hesabu zote mbili ni sahihi. Hakuna njia isiyo na kasoro, ukitaka mazuri yote kwa pamoja utayakosa, kwa hiyo sema mapema ni lipi uko tayari kupoteza. Mapema! Mi nimekwisha kuona makaratasi. Sasa nikichagua njia ya kuhesabu, ni kama nimechagua mahali.



Halafu akaniuliza: wanawake wa mjini ni wangapi? Kumi na watatu. Na mjini ilipata ngapi? Kumi na tisa. Hao sita wametoka wapi, na mjini wanapafuata nini, na kwao ni mbali?

Mtu wa hesabu mzima, sikuliona hilo!

Jumatano, 17 Septemba

Nimempigia Letisia, anayeongoza wale wa Butihinda. Amekulia kambini Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka hata naona haya. Mwanzoni anazunguka, ananiuliza habari za masomo, habari za baridi ya Gitega. Nikambana. Akasema:

"Swabra mdogo wangu, tulikuwa nyumbani kwa mama yako. Ametunawisha mikono kwa mikono yake. Karatasi inakusanywa na binti yake. Mimi niandike namba moja kwingine, nina adabu gani? Namba moja ni ya mwenye nyumba. Unachokitaka wewe unakiandika cha pili."

Nimepiga kelele! Watu wametoka vyumbani kuangalia kuna nini.

Kwa hiyo wale sita walipiga kura ya heshima. Roho yao iko kwenye mstari wa pili! Na huenda hata mjini wako waliofanya hivyo, nani anajua? Wala hawajadanganya. Mi ndiye nimeuliza swali mahali pabaya.

Bon. Turudie wapi? Kwa Letisia? Kobero itashinda kwa adabu ile ile. Nipite nyumba kwa nyumba? Hapo mi ndiye mgeni, watanipa ninachokitaka mi, na chai juu! Nimezunguka chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha – nimeipata! Kila mtu aandike kwake, peke yake, akunje, ashonee karatasi ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa. Kitambaa cheupe kwa wote, uzi mweupe kwa wote. Ni mafundi, watamaliza kwa dakika mbili. Jina hakuna, mwandiko hauonekani mpaka siku ya kufungua. Swabra we, una akili!

Nikampigia Mama, nikamweleza yote. Halafu: ati walinidanganya ndani ya nyumba yangu? Nikasema hapana Mama, walikuheshimu. Amekata simu.

Ijumaa, 19 Septemba. Muyinga

Nimemkuta sebuleni anakata vitambaa. Vyeupe, thelathini na moja, vyote sawa kama vimetoka kiwandani. Hajanisalimia vizuri. Mkasi tu, kra, kra. Mlango wa chumba cha kijani umefungwa.

Mifuko imeondoka na madereva, mmoja wa Kobero, mmoja wa Gashoho.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo tumeandika sheria kabla ya kufungua chochote. Mi sikupendekeza kitu. Alama ziko upande wa Kobero, najua, nikizisifu naiba. Nikaeleza njia zote mbili kwa mfano wa nyama, samaki na maharage, nikatoka nje. Wamechagua wenyewe, wawakilishi wa pande tatu: alama. Letisia ameweka sahihi, mama wa Gashoho ameweka sahihi. Mama ameishika kalamu muda mrefu. Akaweka.

Sijala vizuri. Naogopa, na nafurahi.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika hapa hapa darasani, haraka, kwenye dawati la watoto, magoti yananifika kidevuni. Tumeazima shule ya msingi, ili kusiwe na mwenye nyumba. Hakuna pilau. Kila mtu amekuja na maji yake.

Mifuko yote nimeipanga mezani. Thelathini na mmoja! Mizuri! Nikaanza hotuba yangu: hakuna anayejua upi ni wa nani…

Nikasikia kicheko. Zaituni jirani yetu ameinua mmoja. "Huu wa Letisia. Ona anavyorudisha sindano nyuma." Mwingine akasema ule pale wa bibi wa Gashoho, mkono wake unatetemeka sasa, masikini. Huu wa nani? Wa Zaituni mwenyewe, uzi umevutwa sana kama kawaida yake! Dakika moja tu, mifuko yote imepata wenyewe.

Mjinga mimi! Nimewapa mafundi wa kushona siri ya kushona. Mshono wa fundi wanaujua kuliko sura yake! Nimeishi na mama fundi miaka yote hii nisijue?

Kicheko kimekufa ghafla. Wameelewa. Nikifungua, kila mtu atajua nani hakuutaka mji wa Zuena. Wawili wa Butihinda wamekuja kuchukua mifuko yao. Letisia amechukua wake, akasimama mlangoni, wenzake nyuma yake. Kesho ni Jumatatu. Miaka kumi na mbili ya Mama, na mi ndiye naivunja!

Mama akainuka. Polepole, goti lake hilo. Akatafuta mezani, akatoa mfuko wenye mshono mdogo mdogo, ule uliofunga sare zangu zote za shule.

"Huu wangu. Kila mtu anaujua. Anza na huu."

Nimekata uzi. Nimesoma kwa sauti. Ya kwanza Kobero. Ya pili mjini. Ya tatu Gashoho.

Nikawaza kile chumba cha kijani. Nikamsogelea, nikamnong'oneza: Mama, hii ni ya heshima ao ya roho?

Hakunong'ona. Amejibu watu wote wasikie:

"Mi leo sijala kwa mtu."

Wanawake wametoka nje, wanabishana, wanacheka, wengine wanafuta macho, sijui. Mama amebaki, amekaa dawati la mbele, anakunja kile kitambaa chake. Mezani iko mifuko ishirini na saba. Sasa naona mlango unafunguka – Letisia, wake bado uko mkononi. Anauliza mkasi nimeuweka wapi.