Nusu Yako ya Mkate

Wafula ndugu yangu,

Saa nne imefika, chai imeletwa, na nimekata mkate vipande viwili tena. Mkono huu bado haujaambiwa. Nimepangusa mkasi wa bati kwenye aproni, kama ulivyokuwa ukifanya, nikakata katikati, ndipo nikakumbuka kwamba umelala Bungoma.

Usijidai, Kariobangi haijanyamaza. Nyundo zinalia mtaa mzima, na mvua hii ya Elnino ikianza kwenye mabati hata mteja hasikiki. Ila kibandani kwetu inalia nyundo moja. Sufuria nazitengeneza. Mifuniko, ile iliyokuwa kazi yako, inakataa kukaa.

Wacha nikuambie kilichoniuma. Siku ya kukuaga, kabla gari halijaondoka nawe, kanisani walisoma wasifu wako. Mume wa fulani, baba wa fulani, mkwe wa fulani, binamu wa watu ambao hata wewe hukuwajua. Nilikuwa nimesimama nyuma na koti la kuazima, nangoja. Miaka yote ile tumekaa bega kwa bega, nikangoja mpaka wakakunja karatasi. Mimi nilikuwa ndani ya "na majirani."

Nilisikia uchungu, Wafula. Nilitaka kuwaambia kwamba neno letu lipo. Si unakumbuka ile kamusi nene isiyo na jalada? Kila chai neno moja la Kiingereza, na lazima litumike kabla ya jioni. Siku hiyo lilitoka companion. Maana yake, mtu wa kukaa naye, wa kusafiri naye. Chini wakaeleza lilikotoka: Kilatini cha zamani, "pamoja" na "mkate." Yaani yule mnayekula naye mkate. Ukatazama nusu yako, ukatazama yangu, ukasema, "Kumbe sisi ni macompanion na hakuna aliyetuambia."

Mchana mama muuza githeri akauliza bei ya sufuria, nawe, uso mkavu, ukamwambia, "Muulize companion wangu." Akadhani ni jina langu.

Jana alipita. Akaniita hivyo hivyo, akauliza uko wapi. Nilimpa nusu yako tu, akaelewa, akaketi akala polepole.

Basi nakuahidi, mkate nitaendelea kuukata vipande viwili, na atakayepita na njaa atakula. Lakini neno sitampa mtu. Lala salama, ndugu yangu. Na kwa kuwa hawakunisoma kanisani, acha nijiandike mwenyewe hapa chini.

Companion wako,
Otieno