Nimekalia Gunia la Samadi

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Nimefua sketi mara mbili na bado inanuka kuku.

Leo nimewakatalia watu wazima hadharani. Mimi, ambaye sekondari yote nilikuwa nainamisha kichwa mwalimu akitafuta wa kujibu.

Huku kwetu Embakasi tuna siku ya usafi kila mwisho wa mwezi. Tukimaliza mitaro tunakwenda kwenye kipande cha ardhi kilicho kati ya ukuta wetu na barabara kuu. Nilipokuwa mdogo kilijaa vimaua vya zambarau, vifupi, vya kujiotea tu. Sasa upande wa barabara nyasi zimefika kiunoni, kijani cha kung'aa, na vimaua vimebaki ukanda mwembamba chini ya ukuta.

Watu wanasema ardhi imechoka. Ndiyo maana Baba Aisha, mwenye duka na kuku, alileta magunia mawili ya samadi. Bure, kwa moyo safi.

Lakini ardhi haijachoka. Imevimbiwa.

Nilisoma hayo nikijiandaa kwa mtihani wa Biolojia, kisha nikaanza kuyaona dirishani. Moshi wa magari una gesi za nitrojeni. Zinatua udongoni na vumbi na mvua, mwaka baada ya mwaka, mbolea ambayo hakuna aliyeiomba. Nyasi zenye pupa zinakula na kurefuka. Vimaua vilivyozoea udongo maskini vinafunikwa, vinakosa jua, vinakufa.

Gunia la kwanza lilimwagwa nikiwa bado natafuta sauti.

La pili nikalikalia.

"We Achieng', umechoka ama?" akauliza Mama Brayo, mwenyekiti wetu.

"Hapana, Mama Brayo. Mkimwaga hii mtamaliza maua yaliyobaki."

Vijana wakaangua kicheko. "Daktari wa majani amefungua kliniki!"

"Na kiti chake kinanuka!"

Baba Aisha hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Binti yangu, samadi yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Baba Aisha. Ipelekwe kwa sukuma wiki. Hapa moshi ulishamwaga yake."

Machozi yalikuwa karibu. Sikuinuka.

Nikawaambia tukate zile nyasi ndefu na kuziondoa kabisa, tusiziache pale kama kawaida yetu, maana zikioza zinarudisha kila kitu udongoni. Mama Brayo akaangalia ukanda, akaniangalia mimi.

"Haya. Huo ukanda ni wako hadi mvua ya masika iishe. Maua yakifa tunamwaga samadi, na hutakalia kitu."

Baba Aisha alibeba gunia lake bila kuniangalia. Nitamwendea dukani nimweleze polepole.

Sijui kama nitaweza kuviokoa vile vimaua. Magari hayatapungua kwa sababu yangu, na moshi wao utaendelea kutua usiku na mchana. Hakuna anayeuona ukiua kwa sababu unaua kwa kijani. Hilo linanikasirisha sana, na hasira, nimegundua, inanifaa kuliko kuona haya.

Kesho tukitoka kanisani navaa gambuti, naazima slasha ya Mama Brayo, naanza kufyeka nyasi. Anayetaka kucheka aje. Reki ziko mbili.