Mgongo wa Baba Mkwe

Mjukuu wangu Lusajo,

Ndaga, salamu kutoka Ikuti. Shangazi yako amejifungua salama, ila mimi pumzi inaniaga kidogo kidogo. Uliuliza babu yako alinichumbiaje. Kabla sijaondoka nikuambie ukweli: nilijichumbia mwenyewe.

Tulikuwa waigizaji katika kikundi maskini pale Tukuyu. Tulipendana kwa siri, maana kiongozi wetu aliapa kufukuza wapenzi, na baba yake babu yako alisema hataki mkamwana wa jukwaani.

Siku moja nikiwa katikati ya maneno yangu, mzee yule akaingia ukumbini, akaketi mbele. Unajua kwetu mkamwana hamwonyeshi baba mkwe uso. Mikono yangu yenyewe ikavuta kitenge kichwani, nikageuka, nikapiga magoti. Ukumbi mzima ukaelewa.

"Alaa! Kumbe huyu ana ukweni!" mama mmoja akacheka.

"Simama, umetuharibia!" kiongozi akafoka nyuma ya pazia.

Nikangoja mzee atoke kwa hasira. Yeye akainuka, akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta.

"Endelea, mkamwana wangu," akasema. "Nitasikiliza."

Nikaigiza mbele ya mgongo ule hadi mwisho. Nimezeeka, Lusajo, na bado mgongo ule unanistaajabisha.

Akupendaye,
Bibi